Mtoto Asiye na Kijaluba

Habari ile niliipata mashineni, nikisubiri zamu ya kusaga. Mwanamke mmoja, sijui kwao ni wapi, alikuwa amekalia debe lake la mahindi. Akasema katika nchi ya Vijalubani mtoto anaweza kuzaliwa, akanyonya, akacheka, akaota na jino, na nchi isijue kama yupo. Akaongeza kwamba jina la mtoto wa namna hiyo likitajwa vibaya, mji mzima unasimama. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu binti yangu Nakijwa ameolewa huko, na wiki hiyohiyo alikuwa amejifungua.

Nilirudi na unga wangu, nikasonga ugali, haukupita. Nikajiambia hayo ni maneno ya mashineni tu, watu wanapitisha muda. Lakini nikideki, nayawaza. Nikichambua mboga, nayawaza. Siku ya tatu nikamwachia jirani kuku wangu, nikaenda. Njia sitaisimulia. Niliyoyakuta ndiyo yenye faida kwenu, hasa ninyi ambao watoto wenu wanaambiwa Vijalubani kuna kazi nzuri za kukaa kwenye kiti.

Kazi zipo, na viti vipo. Nchi yenyewe ni safi, na watu wake ni wachangamfu, wanakusalimu mpaka mdomo unachoka kuitikia. Kitu cha kwanza wanachomwonyesha mgeni ni Ukumbi wa Rafu. Humo kila mwananchi ana kijaluba chake, yaani kile kisanduku kidogo cha bati ambacho bibi zetu walitilia ugoro, na kwenye kifuniko limeandikwa jina lake. Ndani mna mbegu za ukwaju. Kila Ijumaa mtu anaongezewa mbegu moja, kwa hiyo mbegu zake ndizo wiki alizoishi. Kwa mbegu anaanza shule, kwa mbegu anaoa, kwa mbegu vijana wanampisha kiti. Ukimwuliza mtu wa kule ana umri gani hakujibu, anakuambia twende Ukumbini tukatazame. Nilimkuta mzee asiye na jino hata moja yuko darasa la kwanza, kwa sababu kijaluba chake kiliwahi kupotea akafunguliwa kingine. Hakulalamika. Alisema safari hii hesabu za kugawanya anazielewa.

Makarani wa rafu ni watiifu kupita kiasi. Hawafanyi lolote ila lililoandikwa kwenye karatasi ya maagizo. Karatasi ikisema, "Shusha kijaluba cha fulani, mimina mbegu kiganjani, ongeza moja, rudisha," karani atafanya hivyo neno kwa neno. Hazidishi, hapunguzi, haulizi. Na karatasi hizo haziandikwi na makarani. Wapo watu wengine kazi yao ni kuandika maagizo tu, na mkwe wangu Kiangi ni mmoja wao. Ndiyo hiyo kazi ya kukaa kwenye kiti.

Basi mimi siku ya kwanza kabisa, hata kandambili sijavua, nikauliza: je, karani akifika kwenye rafu akakuta kijaluba hakipo?

Kiangi akacheka kwa adabu. "Mama, vijaluba vipo."

"Vyote?"

"Vingi."

Nakijwa akaniletea maji ya kunawa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jibu lenyewe nililiona kwa macho Ijumaa iliyofuata. Karani mmoja alipewa karatasi ya mtu aliyekuwa amehama nchi, na kijaluba chake kilikuwa kimeondolewa asubuhi ileile. Karani akapanda ngazi, akapeleka mkono kwenye pengo, akashika hewa, akaimimina hewa kiganjani kama alivyoagizwa, kisha akatakiwa kuongeza mbegu moja. Hapo ndipo palipo na shida. Mbegu moja juu ya arobaini ni arobaini na moja. Mbegu moja juu ya kijaluba kitupu ni moja. Lakini mbegu moja juu ya kitu ambacho hakipo kabisa, hakuna mtu Vijalubani aliyewahi kujua inakuwa ngapi. Karani akatoa macho, akaporomoka na ngazi yake, na kengele ikalia.

Kengele hiyo wanaiita Kusimama. Ikilia, kila mtu anaacha alichoshika, anarudi kitandani kwake, anajifunika shuka, halafu anaamka. Siku inaanza upya. Kinyozi aliyefika nusu ya kichwa anakiacha nusu. Bibi harusi anarudi kwa wazazi wake akaoge tena. Mbegu zote zilizoongezwa tangu asubuhi zinarudishwa kikapuni. Mimi nilikuwa nimeshakunywa chai kwa viazi vitamu. Nikaletewa chai kwa viazi vitamu.

"Shikamoo mama, umeamkaje?" Nakijwa akaniuliza, kana kwamba hatukuwa tumepiga soga asubuhi nzima.

"Marahaba. Nimeamka mara mbili."

"Ndivyo kulivyo huku, utazoea."

"Na yule aliyeanguka?"

"Amefungwa bandeji. Sasa hivi anapewa ile karatasi."

"Karatasi ipi?"

"Ileile. Wanasema labda safari hii kijaluba kitakuwepo."

Siku ile tulikunywa chai mara tatu.

Msidhani kwamba hawana ulinzi. Mlangoni pa Ukumbi anakaa mkaguzi, mwanamke mnene mwenye miwani, anaitwa Bi Mkasi. Sijui kama ndilo jina alilopewa na wazazi. Kila karatasi lazima aisome kabla haijaingia. Akiona pameandikwa "shusha kijaluba cha fulani" na hapakuandikwa kifanyike nini kisipokuwepo, anakata kona ya karatasi kwa mkasi na kumrudishia mwenyewe. Habembelezi. "Hujui kama kipo," anasema. "Mwingine."

Waandishi wa maagizo hawampendi hata kidogo. Wanasema anawachelewesha, anawadhalilisha mbele ya watu, hana imani na mtu. Mimi nilimpenda siku ileile, kwa sababu alikuwa akiuliza lile nililouliza mimi, na yeye hakuletewa maji ya kunawa.

Sasa hawa waandishi wamejifunza namna mbili za kumpita.

Namna ya kwanza ni kiapo. Mwandishi anaweka alama mbili za mshangao baada ya jina, na maana yake ni hii: naapa kipo, msiniulize zaidi. Sheria ya Vijalubani inasema aliyeapa hazuiwi. Bi Mkasi anaguna, anapisha. Kinara wa waapaji alikuwa Bwana Yakini, mtu wa suti ya kahawia na kicheko kikubwa. Alikuwa ameapa mara elfu na kitu, na mji ulikuwa umesimama mara mia moja arobaini kwa mkono wake. Kila mara alieleza kwamba yeye aliapa vizuri, rafu ndiyo iliyokosea. Kifuani alikuwa na nishani ya kuharakisha kazi.

Namna ya pili ni ya watu wapole. Wanaweka alama ya kuuliza. Karatasi inasema, "Kijaluba cha fulani kipo? Kama kipo, ongeza." Basi, imeishia hapo. Kama hakipo, karani anashuka ngazi, anagonga mhuri wa "Imepita", anachukua karatasi nyingine. Hakuna anayeanguka na kengele hailii. Bi Mkasi hana la kukata, maana hakuna atakayeumia. Mimi nililiona kuwa ni swali lisilosubiri jibu, lakini wenyewe wanalisifu sana, na mkwe wangu alikuwa mmoja wa wanaolisifu. Alikuwa na mke mzazi ndani, hakutaka ugomvi na mtu mlangoni.

Mjukuu wangu wanamwita Namkunda. Nilipofika alikuwa na wiki mbili, amekunja ngumi kama anayedai kitu. Kila Ijumaa baba yake alipeleka karatasi Ukumbini, na kila Ijumaa alirudi na mhuri.

"Imepita, mama," ananiambia, huku akiinyoosha ile karatasi nione.

"Imepita nini, baba Namkunda?"

"Karatasi."

"Na mbegu?"

"Mama, si mhuri huo hapo?"

Nakijwa alikuwa akinikonyeza. Mnajua ilivyo, mkwe humkabi shingo, tena nyumbani kwake, tena unakula chakula chake. Nikanyamaza. Ijumaa nyingine nikauliza nusu, nikameza nusu. Nikajishughulisha na kumkanda binti yangu maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga.

Wiki ya tano kikaingia kifaduro. Kilianzia mtaa wa nyuma yetu. Walio na watoto wanakijua kile kikohozi, mtoto anakohoa mpaka anakosa pumzi, anageuka rangi, kisha anavuta hewa kwa sauti kama mlango mkavu. Nikikisikia ng'ambo ya ukuta, nilikuwa nafunga dirisha, kana kwamba dirisha linazuia kitu. Chanjo yake kule inatolewa kwa mtoto mwenye mbegu sita, na ilikuwa inaletwa mjini mara moja tu kwa mwezi. Ijumaa ya sita ya Namkunda iliangukia siku hiyohiyo. Tukashukuru.

Asubuhi ya siku hiyo mji ulisimama mara mbili kabla ya saa nne, mara zote kwa karatasi za Bwana Yakini. Tulimvisha mtoto mara tatu. Kiangi akaenda Ukumbini, akarudi na mhuri wa sita. Tukatoka sote wanne, Namkunda kwenye kanga mpya, tukaenda kliniki, ambayo iko ubavuni mwa Ukumbi. Chumba cha sindano kina dirisha dogo la kupitishia vijaluba. Walikuwepo akina mama wengine kumi na mmoja kwenye benchi.

Nesi akainama dirishani, akaomba kijaluba cha Namkunda binti Kiangi. Karani akaenda, akarudi, akaonyesha viganja viwili vitupu.

"Hana," nesi akasema.

"Hana zote sita?" Kiangi akauliza. "Ana ngapi?"

"Sijasema mbegu. Hana kijaluba. Huyu mtoto hayupo."

Namkunda, ambaye hayupo, akapiga chafya.

Kiangi akatoa karatasi zake zote sita, zimekunjwa vizuri, akazipanga mezani moja moja kama mtu anayecheza karata ya ushindi. Nesi akazitazama.

"Karatasi zimepita, baba. Mbegu hazikupita. Karani alikwenda kwenye rafu mara sita, akakuta pengo mara sita, akarudi. Ulimwambia afanye nini akikuta pengo?"

"Sikumwambia kitu."

"Basi alifanya hicho."

Nakijwa akakaa chini. Ikaja kujulikana kwamba Kiangi alidhani hospitali alikozaliwa mtoto ndiyo inayofungua kijaluba. Hospitali hudhani Ukumbi unafungua wenyewe. Na Ukumbi haufungui ila uletewe karatasi inayosema fungua. Kila mmoja alikuwa akimwamini mwenzake kwa moyo mweupe kabisa.

"Dada," nikamwambia nesi, "si unamwona? Si ana wiki sita huyu?"

"Namwona, mama. Anaifuata taa kwa macho, shingo inaanza kukaza. Lakini sindano hapa inafuata mbegu." Akafunua sanduku la chanjo. Barafu ilikuwa imebaki vipande, vinaelea. "Tena fanyeni haraka. Mji umeshasimama mara mbili. Siku inaanza upya, barafu haianzi upya. Ikilia tena leo, nafunga sanduku hili, na hawa wote warudi mwezi ujao."

Wale akina mama kumi na mmoja wakatutazama.

Tukaingia uwanja wa Ukumbi mbio. Bwana Yakini alikuwepo, kama kawaida, amezungukwa na watu wenye haraka. Alipomsikia Kiangi akimwuliza Nakijwa wafanyeje, akaja mwenyewe akitabasamu.

"Lete karatasi, ndugu yangu. Nakuwekea alama mbili, Bi Mkasi anapisha, dakika moja umemaliza."

Kiangi akamnyooshea karatasi mpya, haijaandikwa kitu. Nami nikasahau mambo ya mkwe na chakula cha mkwe, nikamshika mkono.

"Baba Namkunda, kipo?"

"Mama, hatuna muda."

"Jifanye wewe ndiye karani. Umepanda ngazi, umepeleka mkono. Umeshika nini?"

"Hewa."

"Halafu?"

Akageuza macho kuelekea kliniki, kwenye barafu. Akairudisha karatasi kifuani.

"Mama huyu ana hofu nyingi," Bwana Yakini akasema kwa watu wake, nao wakacheka.

"Anazo," Nakijwa akajibu. "Nimelelewa nazo, na bado nipo. Wewe endelea na suti yako."

Akatokea mwingine, mtu mfupi mwenye mkoba uliojaa vijaluba vitupu vinavyogongana. Huyu anaitwa Bwana Mwanzo, naye ana wafuasi wake. Wao husema asiye na kijaluba ahesabiwe kuwa ni sifuri, afunguliwe kitupu, aongezwe moja, maisha yaendelee. Nawaambieni ukweli, mtu huyu alinivutia. Hakuapa kitu asichokijua, na maneno yake hayakumwangusha mtu ngazini.

"Nipeni jina tu," akasema. "Sasa hivi ana mbegu moja, ni mwananchi kamili."

Kiangi akapata nuru usoni. Mimi nikahesabu kwa vidole.

"Atakuwa na wiki moja?"

"Moja kamili."

"Na chanjo ni mbegu sita."

"Ijumaa tano zijazo, mama. Si nyingi."

Ng'ambo ya ukuta mtoto wa watu alikuwa anakohoa, anavuta pumzi kwa ile sauti. Bwana Mwanzo naye aliisikia.

"Baba," nikamwambia, "ungetufikia siku alipozaliwa ningekupikia. Siku ile sifuri ilikuwa kweli. Leo ni uongo."

Hakukasirika. "Watu huniita wakati nimeshachelewa," akasema. "Yule mzee wa darasa la kwanza ni kazi yangu. Yeye ana furaha, lakini ni kazi yangu." Akafunga mkoba wake, ila akatuachia kijaluba kimoja kipya, tukamshukuru.

Tukabaki na mlango. Bi Mkasi alikuwa amekaa na mkasi wake, mbele yake mstari mrefu.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Karatasi."

"Bado haijaandikwa. Tumekuja kuuliza iandikwe vipi."

Akavua miwani. Akasema tangu akae pale, watu walikuwa wanakuja kumpita, hajawahi kuona waliokuja kumwuliza.

"Ni njia mbili," akasema. "Kikiwepo, afanye nini. Kisipokuwepo, afanye nini. Mkiandika zote mbili sina ugomvi na ninyi."

"Kisipokuwepo tuseme nini?" Kiangi akauliza.

"Mnajua nini?"

Kiangi akatazama chini. Yeye alikuwa anajua mihuri.

"Nilimzaa mimi," Nakijwa akasema. "Ilikuwa Jumapili. Nilikuwepo. Zimepita Ijumaa tano, na leo ni ya sita."

Bi Mkasi akamwambia Kiangi, "Andika hilo. Kisipokuwepo, afungue chenye tano, halafu aongeze ya leo. Na mama mtu aweke jina lake chini, ili ikikosewa ijulikane wa kuulizwa ni nani. Tena andika kwamba karani asishuke kwenye ngazi mpaka amalize. Mwaka jana karani mmoja alitazama, akakiona kipo, akashuka kufuata mbegu. Aliporudi, karani mwenzake alikuwa ameshakiondoa, naye akapanda akiamini bado kipo, akashika hewa. Tulikunywa chai mara nne siku hiyo."

Kiangi akaandika akiwa amepiga magoti, karatasi juu ya paja. Bi Mkasi akaisoma mara mbili. Mkasi ukafunguka, ukakaa wazi, ukafungwa bila kukata. Akapisha.

Hapo ndipo nikaona kwamba ndani kuna dirisha jingine la kupokelea karatasi. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya nyavu alikuwa ameshika karatasi yenye alama mbili, wino haujakauka, na alikuwa mbele yetu kwa hatua tatu kumfikia karani. Bwana Yakini alikuwa nyuma yake anampigapiga bega. Nikamfuata.

"Baba, samahani. Kijaluba hicho mara ya mwisho umekiona lini?"

"Ni cha shemeji yangu."

"Umekiona lini?"

"Mwaka jana. Labda mwaka juzi."

"Pale kliniki kuna watoto kumi na wawili na barafu kiasi hiki." Nikamwonyesha kwa vidole. "Nenda ukakitazame kwanza. Kikiwepo, nitakuomba radhi mbele ya watu wote."

Akanung'unika kwamba wageni siku hizi wana amri, lakini akaenda kuchungulia rafu. Aliporudi alikuwa ameivua kofia. Akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Aliyekuwa nyuma yake akamwuliza imekuwaje, kisha naye akatoka mstarini akatazame cha kwake. Mstari ukaanza kuulizana, wewe umekiona, wewe je. Kazi ikapungua mwendo. Bwana Yakini akalalamika kwamba nishani yake inachafuliwa. Kengele haikulia mchana wote uliobaki.

Karani wetu akapanda ngazi. Akapeleka mkono kwenye pengo, akasema kwa sauti, "Hakipo." Akatazama karatasi. Akachukua kile kijaluba kipya tulichompa, akaandika jina kwenye kifuniko, akahesabu tano, akaongeza moja, akakiweka mahali pake. Hata hakutikisika.

Nesi alizimimina zile mbegu mezani, akazihesabu kwa ncha ya kidole. Sita. Namkunda akachomwa, akanyamaza kwa mshangao wa kama pumzi mbili, halafu akalia kwa nguvu zake zote, mama yake akalia pamoja naye, na baba yake akageuka ukutani. Mimi nilicheka. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Kisha nesi akaita mmoja mmoja wale wa kwenye benchi. Kati ya wale kumi na mmoja, saba hawakuwa na kijaluba, na wote walikuwa na karatasi zenye mihuri ya "Imepita". Kiangi hakwenda nyumbani. Alikaa sakafuni pa kliniki akaandika karatasi saba, kila moja na njia zake mbili, kila mama akisema alijualo na kuweka jina. Mmoja alikuwa amemwokota mtoto mlangoni kwake, hajui alizaliwa lini. Akataka kukisia. Mlangoni Bi Mkasi akamkataza, akasema kutojua kunaandikika. Kijaluba cha mtoto huyo kikafunguliwa kikiwa na kipande cha karatasi ndani: haijulikani, aulizwe nesi. Nesi akampima uzito, akamtazama macho na shingo, akaamua, akaweka jina lake. Barafu ilipokwisha kabisa, sanduku nalo lilikuwa tupu.

Wiki iliyofuata Baraza la Rafu lilikaa siku tatu kulijadili jambo hilo. Walikubaliana kumpa Bwana Yakini nishani ya pili, kwa kuwa mchana ule mji haukusimama naye alikuwepo. Waliunda kamati ya kuchunguza kama wageni waruhusiwe kuuliza maswali mstarini. Bi Mkasi walimpa mkasi mkubwa zaidi, ingawa nasikia ilikuwa kwa makosa, walikusudia kumpa likizo. Mkwe wangu aliomba jambo moja tu, nalo likapita bila mjadala kwa sababu walikuwa na njaa: mhuri ule ubadilishwe, iwe mihuri miwili, mmoja useme "Imeongezwa" na mwingine useme "Haikuongezwa, na sababu ni hii".

Baada ya hapo mimi nilirudi kwangu, arobaini ikiwa imekwisha. Kuku mmoja hayupo, jirani anaapa yupo. Mjukuu anaendelea vizuri. Lakini najua watoto wenu wataenda, kwa hiyo wapeni hii waisome. Waepuke haya:

Kusema kitu kipo kwa sababu mara ya mwisho kilikuwepo.

Kuapa ili upishwe mlangoni.

Kuuliza na kuondoka kabla ya jibu.

Mhuri usiosema ni nini kimefanyika.

Kukiita sifuri kitu usichokijua. Kijaluba kitupu na pengo la rafu si kitu kimoja.

Kutazama, kushuka ngazi, na kurudi ukidhani rafu imekungoja.

Kumrudisha karani aliyeanguka na karatasi ileile.

Kumchukia anayekata kona ya karatasi yako.

Kudhani kuna mwingine aliyefungua.

Kuona haya kuuliza mara ya pili, hata kama aliyekujibu ni mkwe, na hata kama uko kwake, na chakula kiko mezani.